Kidole cha Chai

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kwa hiyo yule kijana wa dirisha la vibali pale mpakani aliponiambia kwa mara ya nne, "Mama, bonyeza tena," nilikibonyeza kile kioo cha mashine kana kwamba naua mende.

"Siyo kwa nguvu, mama. Taratibu."

"Mwanangu, taratibu nimebonyeza, kwa nguvu nimebonyeza. Unataka nibonyeze kwa kisigino?"

Foleni nyuma yangu ikacheka. Yeye hakucheka. Aligeuza skrini nijionee mwenyewe. Mahali pa kidole gumba palikuwa na doa jeupe, mahali pa kidole cha shahada doa jeupe. Mkono wa kulia hivyo, wa kushoto hivyo hivyo. Kwa mujibu wa ile mashine, mimi sikuwa na vidole.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Fundi wa plasta. Huu ni mwaka wa ishirini na saba."

"Basi ni saruji, imekula alama zote. Mko wengi, wewe, wavunja kokoto, waosha vyombo. Kapumzishe mikono, paka mafuta, usiguse sabuni wala saruji, urudi Alhamisi. Bila alama za vidole sina kibali cha kazi cha kukupa, na bila kibali huvuki."

Ilikuwa Jumanne mchana. Ng'ambo ya lile geti, mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki, kulikuwa na zahanati mpya inayosubiri plasta. Mkandarasi wake aliwahi kuona dari niliyoipiga mwaka jana, akanipigia simu niende nikawe msimamizi, mafundi kumi na wanne chini yangu. Msimamizi! Tangu nishike mwiko sijawahi kusimamia hata beseni. Kila kazi ikija anawekwa juu mwanamume fulani, na mara nyingi mwanamume huyo anaitwa Msumari. Mkandarasi alisema bila kuzunguka: "Ijumaa saa mbili kamili asubuhi tunaanza. Usipokuwepo nampa Msumari, yeye ameshafika."

Msumari nimefanya naye kazi miaka tisa. Mkono wake si mbaya, mdomo ndio mbaya. Mimi nikishika mwiko, kidole changu cha mwisho husimama chenyewe hewani, na sijui kwa nini, ndivyo nilivyoanza. Yeye akakipa jina, kidole cha chai. "Jamani, mleteeni mama kikombe!" Na saiti nzima inaangua kicheko. Miaka tisa, kila siku ya Mungu, mzaha ule ule, na kila siku nilimeza mate nikaendelea na ukuta wangu.

Nikachukua chumba kwenye gesti iliyo karibu na geti, vyumba tisa vilivyozunguka ua, bei ya watu wa kawaida. Nilipewa namba sita. Kulikuwa na kitanda, ndoo, kandambili za rangi mbili tofauti, neti yenye tundu lililofungwa kwa uzi mwekundu, na kioo kilichotundikwa juu sana hata nikawa najiona paji la uso tu. Shuka zilinukia jua. Sikuwa na neno na chumba, isipokuwa ukuta wa upande wa kitanda. Ukuta ule ulikuwa na tumbo. Plasta ilikuwa imeachana na matofali ikatuna, na nilipoigonga iliitika kama debe tupu.

"Hiyo mimba ni ya tangu mume wangu yuko hai," alisema mwenye gesti akiwa mlangoni. Kila mtu pale alimwita Mama Funguo, kwa sababu ya funguo alizofunga kiunoni zilizomtangaza kabla hajafika. "Wiki iliyopita nilileta fundi. Akamwaga mchanga uani, akafungua mfuko wa saruji, akaniaga anakwenda kunywa chai. Sijui anakunywa chai gani, mpaka leo hajarudi."

"Mimi ni fundi wa plasta."

Uso wake ukang'aa. Nikamwonyesha vidole, nikamweleza yote, ya mashine, ya zahanati, ya Msumari. Alinisikiliza huku ameshika kiuno. Nilipomaliza akaenda zake, akarudi na chupa ya glisirini, kopo la mafuta ya mgando na mifuko miwili ya nailoni.

"Kaa," akasema. "Kuanzia sasa wewe hujui kazi."

Jumatano nzima nilishinda uani, mikono imejaa mafuta, imefungwa mifuko hadi kwenye kifundo. Mama Funguo ndiye aliyenikorogea chai na kunifungulia milango. Dereva mmoja wa lori aliniuliza kama mimi ni bondia. Nilimjibu asogee karibu ajue. Lakini adhabu kubwa ilikuwa kulala kitandani mchana ule natazamana na ule ukuta, saruji iko uani imefunguliwa, na mimi nimeamriwa nisiguse. Mtu mvivu angefurahi. Mimi nilihisi nawashwa mwili mzima.

Alhamisi saa tano nilikuwa dirishani. Kijana akafuta kioo kwa kitambaa, akanifuta na vidole. Gumba likaleta doa. Shahada ikaleta doa lenye ukungu kidogo.

"Inaanza kuja, mama," akasema kwa huruma. "Ukiipa wiki moja zaidi..."

Wiki! Nilitoka nikampigia simu mkandarasi kumwomba anivumilie hadi Jumatatu. Akasema mchanga umeshamwagwa, watu wameshafika, hana la kufanya. Nyuma yake nilisikia sauti ninayoijua ikisema, "Mwambie apumzike, nafasi yake namtunzia mimi," halafu vicheko. Simu ikakatika.

Nililia. Nasema wazi, nililia katikati ya barabara ya mpakani, malori yananipigia honi, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Miaka ishirini na saba nimewapa watu kuta zilizonyooka. Kazi imenila vidole, halafu kazi hiyo hiyo ikanidai vidole.

Nilipofika gesti nilikwenda moja kwa moja uani. Nilichana ile mifuko ya nailoni niliyoiacha pale nikaitupa, nikashika sepetu. Kama vidole vimeshakufa, angalau ukuta upone. Nikachekecha mchanga, nikachanganya na saruji, nikamwaga maji, nikainama kuchota kwa kiganja nipime uzito wake, maana uzito hupimwa kwa mkono. Kabla sijagusa, Mama Funguo alinidaka.

"Acha."

"Niache wewe! Imekwisha."

"Imekwisha kesho saa mbili, siyo leo," akasema, na hakuniachia. "Mpaka hapo hivyo vidole si vyako. Ukuta ni wangu, nitaupiga mimi. Wewe kazi yako kusema, na kusema naona unaweza."

Nikamkabidhi sepetu. Basi tukaanza. Tulitoa kitanda, akabomoa lile tumbo kwa nyundo, vumbi likatufanya wote vizee. Nikamwambia alowanishe matofali. Nikamwambia achote kwa mwiko na arushe, asipake. Tonge la kwanza lilimrudia kifuani.

"Ukuta uko kule, Mama Funguo."

"Najua uliko, ni wangu!"

La pili likaanguka sakafuni, la tatu likaanguka, la nne likanata. Alipiga ukelele hadi wageni wawili wakaja kuchungulia. Ila mkono wake ulikuwa mgumu kama mti, na kwa mwendo ule tungemaliza mwaka ujao.

"Legeza kifundo," nikamwambia. "Kigeuke mwishoni, hivi." Nikachukua mwiko wa pili, mkavu, nikauzungusha hewani. Akaanza kucheka. "Nini?"

"Hicho kidole chako kidogo! Kimejitenga peke yake, kama mgeni asiyetaka kuchafuka."

Damu ilinichemka. Hata hapa! Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, nikabaki nimeufungua.

"Umesema nini?"

"Nimetania tu, Fundi, usi..."

"Asiyetaka kuchafuka?"

Nikakileta kidole karibu na macho. Vidole vingine tisa vilikuwa laini ncha zote, vinang'aa. Wa kushoto ndio mkono unaobeba ubao wa plasta, wote huzama. Wa kulia vinne hushika mwiko na kulainisha kona. Lakini kile cha mwisho, kile cha chai, miaka ishirini na saba kilikuwa hewani.

Nilikimbilia mapokezi, Mama Funguo na funguo zake nyuma yangu. Mezani kulikuwa na kile kisahani cha wino anachogongea muhuri wa risiti. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la wageni, nikaanza kukandamiza kidole kimoja kimoja. Gumba, doa. Shahada, doa. Cha kati, doa. Cha pete, doa. Kisha nikakishusha cha mwisho polepole, nikakiinua.

Mistari. Mistari myembamba, safi, inayozunguka na kurudi, hakuna hata mmoja uliokatika. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile katika mwili wangu.

Mama Funguo alivaa miwani, akatazama, akavua, akanikumbatia na saruji yake yote kifuani. Tulirukaruka pale mapokezi kama wendawazimu, watu wazima na heshima zetu. Halafu nikatazama saa ya ukutani, saa kumi na nusu. Dirisha la vibali hufungwa saa tisa na hufunguliwa saa moja asubuhi. Kilichobaki ni kusubiri.

Tulirudi tukamaliza ukuta. Kidole changu nilikifunga kitambaa kana kwamba kimevunjika, nikasimama mbali na saruji nikitoa amri. Jua lilipoanza kushuka, Mama Funguo alivuta ubao wa kusawazishia kutoka chini hadi juu, nikaweka pima maji. Tone la hewa likaenda huku, likaenda kule, likatulia katikati. Aliinama akalitazama. Kisha akaugusa ukuta kwa kiganja, akasema, "Nimepiga mimi," na nikamjibu ndiyo, umepiga wewe.

Ijumaa saa moja kasoro nilikuwa wa kwanza dirishani. Mama Funguo alikuwa ubavuni pangu, amegoma kubaki.

"Mama, ni jana tu..." kijana akaanza.

"Mkono wa kulia, kidole cha mwisho."

"Utaratibu ni gumba na shahada."

"Na aliyekatwa gumba na msumeno, humvushi?"

"Huyo tunachukua kidole chochote kilichopo. Kuna sehemu ya kujaza hapa, kidole hakisomeki."

"Jumanne na jana hukuiona hiyo sehemu?"

Alikuna shingo. Haikuwa roho mbaya, niliona wazi. "Hakuna aliyewahi kuuliza, mama," akasema, akabonyeza hapa na pale, akafuta kioo.

Nilifungua kitambaa. Nikakilaza kidole juu ya kioo taratibu, kama unavyogusa plasta mbichi kujua imeshika au bado. Mashine ikalia mara moja. Skrini ikawa kijani, na mistari yangu imejaa humo mikubwa kama sahani.

"Imesoma!" kijana akapiga meza, kwa mara ya kwanza akicheka. "Mama, imesoma!"

Foleni nzima ikapiga makofi, na sijui kama walijua wanashangilia nini. Fomu zikajazwa karibu nusu saa, kisha muhuri ukagongwa. Nilimkumbatia Mama Funguo, nikapita geti mbio nikiwa na begi na mwiko wangu, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona.

"Na ukuta wangu?" akapaza sauti kutoka upande wa pili.

"Umwagilie asubuhi na jioni, siku saba! Ukikauka haraka utapasuka!"

Nilifika kwenye zahanati saa mbili kasoro dakika sita. Mafundi walikuwa wamejipanga kivulini. Msumari alikuwa amesimama mbele yao, pima maji kwapani, ameshaanza kugawa kazi, na mkandarasi ameshika simu. Nilimpa mkandarasi kibali. Akakisoma, akatazama saa yake, akamgeukia Msumari.

"Rudi kwenye mstari. Msimamizi amefika."

Msumari alinitolea macho. "Lakini walisema vidole vimegoma. Umepitaje?"

Nilimpita. Nilitembea ndani, wadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikigonga kuta na kupima kona kwa jicho, na wote kumi na wanne wakinifuata. Nilijisikia mrefu. Kwenye wadi ya tatu nilikuta ukuta mkubwa kuliko zote, ule unaotazama mlango, ambao mgonjwa ataona kwanza akiingia. Nilimwita Msumari kwa jina, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu mkono wake si mbaya na kazi ni kazi.

"Wewe utaanza na huu," nikamwambia, nikamwonyesha ukuta wote, kutoka kona hadi kona, kwa kidole cha mwisho.

Hakuna aliyecheka.