Ubingwa wa Gari la Harub

Gari la Harub lilipochukua ubingwa wa kupanda vilima vya mchanga kule Bidiyah, nusu ya mji wao wa Ibra ilishangilia na nusu ilitukana. Aliyeshika usukani ni mdogo wake, Anas. Lakini gari alilitengeneza Harub kwa mikono yake, nyuma ya nyumba ya mama yao, na maneno yote yalikuwa juu ya pande la chuma alilolitia chini ya kiti. Dereva akivuta mkono wa pembeni, pande huteleza kwenye reli mpaka mbele, na pua ya gari haiinuki hata kilima kiwe kama ukuta. Kanuni hazikulikataza. Wala hazikuliruhusu.

"Wezi," watu wakaandikiana kwenye simu. Mama yao, Bi Mahfoudha, akaacha kwenda hata matangani, maana kila akiingia mazungumzo hukatika.

Mwisho kamati ya mashindano ikakata shauri: Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, gari lipande tena kilima kile kile, pande likiwa limekazwa kwa bolti. Lisipofika juu, kombe lirudi.

"Nitapanda," akasema Anas.

"Hupandi. Pande lisipoteleza, gari litasimama kwa magurudumu ya nyuma, lianguke chali. Umeusahau mguu wangu?"

Hakuusahau. Harub alikuwa akichechemea tangu siku alipolijaribu gari kabla hajatia reli. Lilimpindukia, wakakata mlango kumtoa.

"Kaka, wewe fundi. Mie ndiye dereva."

Bi Mahfoudha akaangua kilio. "Warudishie kombe lao, mwanangu. Wallahi warudishie, khalas, yaishe!"

"Nikirudisha, mama, nitaitwa mwizi mpaka kaburini. Kwao Reem wameshaanza kusema posa yangu ingoje kwanza."

Harub akambembeleza, akamfokea, hata akampigia magoti, yeye mkubwa. Anas akageuza uso. Harub akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, naye akamwuliza tu, "Kama gari ni halali, mnaogopa nini?"

Ijumaa ikafika. Magari ya watazamaji yakajipanga chini ya kilima, vyombo vya kahawa vikatolewa. Anas alipokwenda kusali, Harub alibaki na gari peke yake. Akatazama kilima, akaliona gari limelala juu ya mdogo wake kama lilivyomlalia yeye, na hapakuwa na mlango wa kukata ambao ungemtoa mzima. Akainua boneti. Akafungua kifuniko cha oili, akachota mchanga kwa kiganja, akaumimina ndani ya ile injini aliyoilea kuliko alivyojilea mwenyewe. Akachota tena. Akafunga, akapangusa kifuniko kwa pindo la kanzu.

Anas aliwasha, akaondoka kwa kishindo. Gari halijafika hata miguuni mwa kilima, injini ikasaga, ikalia kama mnyama anayechinjwa vibaya, ikazima. Watu wakacheka. Honi zikapigwa pande zote, na mtu akapiga kelele, "Haramia!"

Anas akashuka, akafungua kifuniko, akatia kidole kwenye oili na kukisugua. Akamtazama kaka yake.

"Wewe?"

"Mie."

"Bora ungeniacha nife."

Harub akamshika mkono, naye Anas akaunyofoa.

Kombe likachukuliwa. Posa ikavunjika, na jina la wizi likawaganda wote wawili. Bi Mahfoudha peke yake ndiye aliyembusu Harub mikono, akalia. Anas akahamia Sur, akapata kazi ya ghala bandarini. Humpigia mama yake kila siku akitoka kazini. Harub akipokea, Anas hatoi salamu, anangoja tu, na pumzi yake inasikika kwenye simu. Harub huisikiliza kidogo kabla ya kumwita mama.