Paka Asitoke

Tangu mama yake afariki, Istahil alimpigia baba yake simu kila Jumapili kutoka Saltley, ng’ambo kwenye baridi, na mazungumzo yao yaliishia kwa Luula, paka wa marehemu. Baba yake, Mzee Samatar, alimwacha azurure jangwani Wajir kama alivyozoea. Istahil alihofia bweha na nyoka, akamwambia baba yake:

“Paka wangu hapa hatoki kamwe, aabo, na ana afya kunishinda mimi.”

“Wako anaishi ndani ya friji,” mzee alicheka.

Lakini Jumapili iliyopita Istahil alilia. “Kutoka kwa mama tumebakiwa na huyo tu.” Mzee akamhurumia, akakubali kumfungia Luula chumbani.

Leo sauti ya mzee ilikuwa ndogo. “Mwanangu, Luula amekufa. Ijumaa nilikwenda msikitini, mazishi ya jirani yakanichelewesha. Nilimkuta amelala nyuma ya mlango.”

“Nyoka aliingia?”

“Hapana. Ni joto.”

“Dirisha je?”

“Nililifunga. Ulisema asitoke.”

Istahil aliikumbuka nyumba ile. Alikulia chini ya paa lake la bati. Kila adhuhuri mama aliwatoa wote nje, watoto kwa paka, wakakae kwenye kivuli cha mgunga. Miaka kumi na minane ya kukimbilia ndani kutafuta joto ilikuwa imemsahaulisha kwamba kwao, saa hiyo, nyumba ndiyo ya kukimbiwa.

“Usilie,” baba yake alisema. “Mlango niliufunga mimi.”

Istahil alikuwa ameegemea hita ya ukutani. Alisogea, akasimama katikati ya chumba penye baridi.