Maji ya Wageni

Idman alirudi Bulla Haboon na karatasi nne zilizobanwa kwa pini, na tangu gari liiache lami ya Garissa alikuwa akizipapasa mkobani kila mara kuhakikisha zipo. Ilikuwa makala ya utafiti, imechapishwa katika jarida la ng'ambo, na jina lake lilikuwa la tano kati ya majina sita. Kwa binti wa kijiji ambako hata chifu huazima kalamu, jina la tano si haba.

Kichwa cha makala kilikuwa kirefu kupita kiasi, maana wasomi hawajui kusema jambo kwa mkato. Kwa ufupi kilidai kwamba maji yanayonywewa Bulla Haboon yana kidogo tu ya floraidi, yale madini ambayo yakizidi hutia meno madoa na kupinda mifupa. Idman alikuwa na sababu ya kulishangaa hilo. Meno yake mwenyewe yalikuwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, na alikuwa na mazoea ya kuziba mdomo kwa ncha ya ushungi akicheka. Ni meno hayo yaliyomfanya aombe kazi kwa Daktari Noordin, mwalimu wake wa kemia chuoni. Lakini maabara ilipotoa namba, alijiambia kwamba labda kisima kilibadilika kilipochimbwa upya. Mtu akishasoma sana huanza kuamini namba kuliko kioo.

Kazi ya kukusanya maji aliifanya yeye, mwaka mmoja kabla. Mwongozo ulikuwa wazi: usichote kisimani, ingia nyumbani, omba maji ya kunywa, jaza chupa, funga, andika namba, tia saini. Wakubwa walitaka kujua kinachoingia vinywani mwa watu, si kinachotoka kisimani. Idman alipita nyumba arobaini kwa siku tatu, pamoja na dereva na wageni wawili kutoka Nairobi. Namba zilikuja zimekaribiana nyumba kwa nyumba, na Daktari Noordin akamsifu mbele ya darasa zima. Akamwandikia na barua ya kumwombea nafasi ya shahada ya pili.

Jambo moja tu lilikuwa likimkera. Shirika fulani lilikuwa limeahidi mtambo wa kuchuja maji kwa kijiji ambacho utafiti ungeonyesha kina shida. Bulla Haboon haikuonyesha shida. Mtambo ukapelekwa kijiji kingine, mbali huko upande wa Mandera.

Fatumo alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa habaryar wake, mdogo wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea.

"Soo dhawow, mwanangu. Umekonda. Huko chuoni wanawalisha vitabu?"

Alimtandikia mkeka, akafunua mtungi mdogo uliokuwa pembeni, umefunikwa kitambaa cheupe, akamjazia kikombe. Idman alikunywa chote bila kupumua. Yalikuwa matamu, yamepoa vizuri. Kisha Warsan akaingia kutoka uani.

Warsan alikuwa mjukuu wa Fatumo, wa miaka sita. Idman alikuwa hajamwona kwa mwaka mzima. Miguu ya mtoto ilikuwa imepinda kuanzia magotini, ikaachana katikati, na alitembea akiyumba huku na huku. Alimsalimia Idman, akaenda kwenye mtungi mkubwa wa manjano nyuma ya mlango, akajimiminia, akanywa na kukunja uso kidogo.

Idman alitazama mtungi ule wa manjano. Akautazama na ule mdogo wenye kitambaa.

"Habaryar, mbona yeye hanywi haya?"

"Hayo ya lori?" Fatumo alicheka. "Hayo ni ya wageni. Lori huja kutoka Garissa mara moja kwa mwezi, tunanunua mtungi mmoja, unakaa mpaka lirudi. Sisi tunakunywa ya kisima, tumeyazoea."

Idman aliweka kikombe chini. Aliuliza polepole, kwa sababu jibu alikwishalijua. "Siku ile nilipokuja na chupa, ulinijazia yapi?"

"Swali gani hilo? Umekuja na watu wa Nairobi, na gari, na makaratasi. Nikupe maji ya chumvi wayapeleke mjini wakayacheke? Nilikupa mazuri." Fatumo alinyoosha shingo kidogo. "Na Nurto, huyu jirani, hakuwa nayo siku hiyo, akaja kwangu kuazima kikombe kimoja kabla hamjafika kwake."

Idman alijitupia ushungi vizuri akatoka. Alipita nyumba ya Nurto, na ya jirani yake, na nyingine nne. Kila mahali aliuliza swali lile lile, na kila mahali alijibiwa kwa fahari ile ile. Mzee Abdiqani hata aliudhika kwamba anaulizwa. Alimweleza kuwa nyumbani kwake mgeni hajawahi kupewa maji ya kisima tangu enzi za babu yake, na hakuona kwa nini aanzie kwa serikali.

Kwa hiyo ndiyo hayo waliyoyapima, kwa mashine za thamani na saini za watu sita. Walipima maji ya mto Tana yaliyosafishwa Garissa mjini na kupakiwa kwenye lori. Wageni wa Nairobi hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Idman alikuwa nayo. Amekulia kwenye mkeka ule, na mara ngapi yeye mwenyewe, akiwa mdogo, alitumwa kuufunua mtungi wenye kitambaa mgeni akibisha hodi. Alisahau, kwa sababu siku ile alikuwa ameshika kalamu na alitaka sana aonekane mtafiti.

Mtandao ulipatikana karibu na tangi la kisima tu. Alimpigia Daktari Noordin akiwa amesimama kati ya ngamia waliokuja kunywa, akamweleza yote.

"Umemwambia nani mwingine?" Daktari aliuliza.

"Bado."

"Idman, fomu zote arobaini zina saini yako, si yangu. Tukiiondoa makala sasa, ile barua yako ya shahada itakuwa haina maana. Fikiri kwanza."

"Na ule mtambo, Daktari?"

"Mtambo umeshafungwa huko. Hata tukiandika leo, haurudi. Labda bajeti ya mwaka kesho kutwa."

Alifikiri, kama alivyoambiwa. Ilimchukua muda wa ngamia watatu kushiba. Kisha akawaandikia wahariri wa jarida kwa simu, mistari sita, akieleza kosa na kutaja jina lake. Alipobonyeza kutuma, hakuhisi ushujaa wowote.

Aliporudi, Fatumo alikuwa ameketi na zile karatasi mapajani. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amelipata jina la Idman, maana alilijua umbo lake tangu daftari za shule ya msingi.

"Nurto amepita," alisema. "Anasema unauliza uliza mambo ya maji. Niambie."

Idman alikaa chini akamwambia. Alianza na kosa lake mwenyewe, kwamba hakuuliza, kwamba alipaswa kujua. Alilirudia hilo mara mbili, tatu, akitumaini habaryar atakomea hapo. Fatumo hakukomea hapo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama uani, ambako Warsan alikuwa akimfukuza mbuzi kwa mwendo wake ule wa kuyumba.

"Mtambo ungekuja hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Na miguu?"

"Manesi husema mtoto akiwa bado mdogo, akipata maji mazuri, huenda ikanyooka kidogo."

Fatumo aliinuka, magoti yakimuuma kama yalivyokuwa yakimuuma miaka yote. Alimwita Warsan. Akauvuta ule mtungi mdogo, akaondoa kitambaa cheupe na kukikunja, akamjazia mtoto kikombe mpaka ukingoni. Warsan alikitazama kikombe, akamtazama na bibi yake, akaogopa kukipokea. Alifundishwa tangu ajue kusimama kwamba hayo hayaguswi.

"Kunywa," Fatumo alisema.

Kisha akachukua kikombe kingine, akaenda kwenye mtungi wa manjano nyuma ya mlango, akakijaza na kumletea Idman. Hakumtazama usoni. Idman alikipokea kwa mikono miwili akanywa yote, chumvi ikimkwaruza kooni, wakati Fatumo ameuinamisha ule mtungi mdogo kuona maji yaliyobaki. Yangemtosha Warsan siku nne. Lori lilikuwa limepita juzi.