Mlango wa Mbele wa Kina Pell

Watu wa Wexcombe wananiita Bwana Hapana, na sijali. Mwaka wa kumi na tisa huu mimi ni mwenyekiti wa kamati ya nyumba za kale, na bila hapana zangu mji huu ungeshajaa madirisha ya plastiki. Ukitaka kubadilisha chochote kinachoonekana kutoka barabarani, hata rangi ya mlango, unakuja kwetu Jumanne kuomba kibali. Ya nyuma ya nyumba ni yako na Mungu wako.

Jumanne moja ya Oktoba akaja Orrin Pell, jirani yangu tuliyesoma naye darasa moja. Mkewe Lavinia alipatwa na kiharusi, akauguzwa miezi mitatu mji wa pili. Jumamosi alikuwa arudi, kwa kiti cha magurudumu. Orrin alitaka kujenga mteremko wa mbao mlango wa mbele.

"Jenga nyuma," nikamwambia. "Huko hatuna neno."

"Alden, nyuma kuna ujia mwembamba kati ya ukuta na dohani ya moshi. Nimepima. Kiti hakipiti, labda nikikate vipande."

"Basi panua."

"Nivunje dohani ya mwaka 1743? Si wewe ndiye utakayenitoa roho!"

Watu wakacheka. Kweli, ningemtoa.

Huku kwetu mlango wa mbele haupitwi hovyo. Wenyeji, wageni, muuza kuni, wote hupita nyuma. Wa mbele hufunguliwa bibi harusi akiingia na jeneza likitoka. Wa kina Pell ulifunguliwa mara ya mwisho alipofariki mama yake Orrin, miaka ishirini na sita iliyopita.

Kura zikafungana mbili kwa mbili, ikabaki yangu. Nikasema hapana. Misumari ingepasua fremu ambayo haijaguswa tangu ilipochongwa.

Orrin akakunja karatasi zake. Hakupandisha sauti.

"Haya. Lavinia atabaki kule kule. Na siku atakapopita mlango ule akiwa amelala, sitahitaji kibali chako, au siyo?"

Akatoka. Marjorie, katibu wetu, akafunga daftari lake.

"Umefurahi sasa, mzee?"

Sikufurahi hata kidogo. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Asubuhi nikafungua kanuni, ambazo nyingi niliziandika mwenyewe, nikitafuta pa kupenyea kama mwizi. Nikapaona. Kamati inahusika na kitu kilichofungwa kwenye nyumba au kuchimbiwa ardhini. Kilichowekwa tu, kama benchi, hakituhusu.

Kabla magoti hayajanisaliti nilikuwa seremala. Nikatoa mbao za mwaloni ghalani, nikachonga mteremko siku tatu. Viungo vyote nilivishika kwa vigingi, bila msumari hata mmoja. Ijumaa nikamwita Orrin tuukokote hadi mlangoni kwake.

"Nini hiki?" akauliza.

"Benchi."

"Benchi gani limeinama upande mmoja?"

"Fundi mwenyewe mbovu. Shika huko, acha maneno."

Mlango ulikuwa umegandana na rangi. Tuliusukuma wazee wawili, tukitukana kwa zamu, mpaka ukaachia.

Jumamosi gari likamleta Lavinia. Tuliuacha mlango wazi kabisa. Majirani, na wanakamati wenzangu, walikuwa wamejipanga kando ya njia, kimya, wengine na makoti yao ya kanisani. Orrin akaanza kumsukuma kuelekea kwenye mteremko. Lavinia akainua macho, akauona mlango, akawaona watu. Uso ukamwisha damu. Akamkamata mumewe mkono. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, lakini sote tulimsikia.

"Orrin, nani amekufa?"

Orrin akasimamisha kiti. Nikajibu mimi.

"Hakuna aliyekufa, shemeji. Ni wewe unarudi nyumbani."

Akanitazama, machozi yakimtiririka kwenye shavu lile lililolegea. Na mimi nililia, mbele ya kamati nzima.

"Basi nisukumeni," akasema Lavinia. "Mnaingiza baridi ndani."