Bhoke Alipoacha Ugali

Bhoke aliacha ugali siku ambayo kocha Maranga alimwambia mbele ya wenzake wa kambi ya riadha kwamba angekimbia vizuri zaidi akipunguza makalio. Kocha alisema kwa mzaha tu. Bhoke hakucheka. Tangu jioni hiyo akawa anakula mboga tupu, na alfajiri anashika barabara ya Ntimaru na chai ya rangi tu tumboni.

Mwanzoni alipata alichotaka. Alikonda, akawa mwepesi, akawaacha nyuma wasichana wote wa kambi. Hedhi ilipokatika hakumwambia mtu. Aliona usumbufu mmoja umepungua. Dada yake Nyamoita, aliyekuwa akiishi naye, alimwekea chakula kila jioni, na asubuhi akakikuta hakijaguswa.

Mashindano ya kanda yalifanyika Homa Bay. Bhoke aliongoza mita elfu kumi hadi mizunguko ya mwisho, kisha mguu wa kushoto ukamchoma chini ya goti. Alijaribu kuendelea, akaanguka. Alitolewa uwanjani amebebwa.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha mfupa una ufa. Daktari Jedidah, mama wa makamo, alimuuliza anakula nini, kisha akamuuliza aliona lini siku zake. Bhoke alimtazama Nyamoita, aliyekuwa amemleta, akasema hakumbuki.

"Mwili wako umekosa chakula, ukaanza kubana matumizi," daktari alisema. "Umesimamisha hedhi, na mifupa nayo haijengwi vizuri. Ugali unaouogopa ndio unaokupa nguvu ya kukimbia."

"Nikila nitakuwa mzito, daktari."

"Utaongeza uzito, ndiyo. Na mifupa yako inauhitaji."

Akamweleza ale ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, au maharagwe, anywe maziwa, na chai aisogeze mbali na chakula kwa sababu inazuia damu kupata madini ya chuma.

Sahani za kwanza zilikuwa ngumu. Bhoke alikula huku machozi yakimtoka, na Nyamoita akakaa kando yake akichambua mboga, bila kumharakisha. Miezi ikapita. Hedhi iliporudi, dada mtu ndiye aliyefurahi zaidi.

Mguu ulipopona, Bhoke alirudi kambini.

"Umenenepa," kocha alisema.

"Nimekula, kocha. Na yale maneno uliyoniambia, tafadhali usiwaambie hawa wadogo."

"Maneno gani?"

Kocha hakuyakumbuka. Bhoke alimrudishia neno kwa neno. "Sikujua uliyachukua hivyo," kocha akasema. Siku hiyo mazoezi yalichelewa kuanza, kwa sababu alimuuliza kila msichana alikuwa amekula nini, na wawili akawatuma kwanza wakanywe uji.

Kwenye mbio zilizofuata, mjini Migori, Bhoke alimaliza wa nne. Hakuchaguliwa kuendelea mbele, na ilimuuma. Alivua viatu vya mbio, akatembea mwenyewe hadi alipokuwa Nyamoita, akamwambia anasikia njaa.