Klachi ya Mama Mkwe

Makau alikuwa mtu wa ofisi kule Athi River, na gari lake lilijibadilishia gia lenyewe. Kuhusu magari ya klachi alijua tu kwamba yana pedali tatu. Lakini mwanamume akiri hivyo ukweni? Thubutu!

Mwezi wa nne yeye na mkewe Nthambi walikwenda Mitaboni kwa mama mkwe wake, Kavutha, mjane aliyeachiwa na mumewe pikapu kuukuu ya Pijo. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Kuna nthoni, ile heshima ya kuoneana haya, na maneno hupitia kwa mke. Basi Nthambi ndiye aliyemwambia mumewe, "Mama anasema klachi imelegea, na yale mafuta yake kwa kale kakopo yako chini. Unaweza angalia?"

"Hiyo ni kitu ndogo," Makau akasema.

Angeuliza tu ni mafuta gani. Swali hilo lingemgharimu nini? Akaona haya. Akatoa oili ya injini iliyobaki kwenye buti la gari lake, akaimimina katika kale kakopo mpaka alama ya juu, akatupa chupa nyasini, akapangusa mikono kama daktari. Mafuta si ni mafuta?

Wiki tatu baadaye Kavutha alikwama mlimani karibu na Kathiani, akina mama watano wa kanisa wakiwa nyuma, pedali imelala sakafuni, gia haziingii. Habari zilipofika Athi River, moyo wa Makau ulipiga paa! Alijua ni yeye. Na unajua alimwambia mkewe nini? "Mwambie Mama huwa anawekelea mguu kwa klachi safari nzima. Ameiunguza. Umri nao umeenda."

Nthambi akayabeba maneno hayo mazimamazima hadi kwa mamake. Kavutha hakubisha. Wanawe wawili, Kimanzi na Mike, wakamnyang'anya ufunguo na kuamua gari liuzwe. Mama aliyekuwa akijipeleka kliniki, sokoni na kanisani sasa akawa wa kukaa kibarazani akingoja mtu amkumbuke.

Kabla ya kuuza wakamwita fundi Ramzi kutoka Machakos mjini aje kulikagua. Familia nzima ilikuwa uwanjani, na Makau hakupata udhuru wa kukosa. Ramzi akafungua kikopo, akachovya kidole, akanusa.

"La haula! Nani ametia oili ya injini hapa? Hii inataka mafuta ya breki peke yake. Ona raba zimefura kama maandazi. Mnaniambia klachi imeungua, nani aliifungua akaona? Shida ni hizi raba tu."

Uso wa Makau ukawaka. 

"Ni mimi," akasema Kavutha, macho chini. "Nilidhani oili ni oili."

Kimanzi akagonga viganja. "Si tulisema? Mama hawezi gari tena. Iende."

Hapo aibu ikamshika Makau. Mama wa watu alikuwa amejitia ujinga mbele ya wanawe ili yeye asiumbuke, na kwa sababu hiyo gari linaondoka. Na nisikufiche, alifikiria kunyamaza. Alifikiria kabisa.

"Mama, ni mimi," akasema kwa sauti nyembamba. Alikuwa hajawahi kumsemesha hivyo uso kwa uso. "Mimi ndiye niliitia. Na ilipokwama nilijua ni mimi. Nikasema ni wewe."

Ramzi akajifanya anatafuta spana. Kimanzi akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mkononi mwa mamake.

Kavutha hakumjibu mkwewe. Alimgeukia binti yake.

"Mwambie mume wako, siku niliyokwama niliporudi nyumbani nilipata chupa yake ya oili kwa nyasi. Nikaificha. Nimengoja miezi miwili aseme, hata kama ni kupitia kwako. Mimi nilimsitiri. Yeye akaniita mzee asiyefaa."

Nthambi akamtazama Makau. Yale maneno ya umri ni yeye Nthambi aliyeyapeleka.

"Umesikia mwenyewe," akasema, "ama nirudie?"