Linashughulikiwa na Nani

Mkunga alipotangaza kuwa anagombea udiwani, watu walitega masikio wasikie ataahidi nini. Hakuahidi kitu. Alipanda juu ya kreti ya soda mbele ya soko, akatoa karatasi mkobani, akasoma kwa sauti ile ile aliyozoea kuitumia kuwaambia wanawake wasukume:

"Suala la bomba la maji katika zahanati linashughulikiwa."

Akaikunja karatasi. "Nauliza: na nani?"

Akashuka, akaenda zake.

Soko zima lilicheka. Muuza nyanya akasema huyu mama amezalisha wenzake miaka thelathini, na leo hotuba yake mwenyewe imezaliwa njiti.

Mimi sikucheka. Sentensi ile ilikuwa yangu.

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa halmashauri ya mji wetu. Madiwani wanapokutana naketi pembeni na daftari la rafu, naandika kila linalotoka midomoni mwao, kisha narudi mezani kwangu na kuligeuza liwe Kiswahili cha kusimama mbele ya watu. Nina stashahada ya kazi hiyo. Ofisini wananiita Kamusi. Wanadhani wananitania, na mimi nawaacha wadhani hivyo.

Jioni hiyo nyumbani nilimkuta wifi yangu, mke wa kaka, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, tumbo mbele kama mtu aliyepakata tikiti. Alikuwa amebakiza wiki mbili. Kando yake kulikuwa na mfuko wa nguo za mtoto na madumu mawili ya maji, ya lita ishirini kila moja. Chumba cha kujifungulia pale zahanati kilikuwa hakina maji tangu mwaka juzi, na kila mjamzito alijua: unakwenda na maji yako, au unakwenda kuazima ya jirani wa kitanda.

"Wifi yangu wa diploma," aliniita. "Kwa Kiswahili chako cha ofisini, siku yangu ikifika haya madumu yatabebwa?"

"Yatabebwa, wifi."

"Na nani?"

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Habari za sokoni zilikuwa zimeshamfikia.

Kesho yake, kabla sijaweka hata mkoba, Mkunga alikuwa mlangoni kwangu. Mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa, kwa hiyo sikuwa na ujanja.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba, mwanangu. Kumbukumbu za baraza ni za nani?"

"Za wananchi."

"Zinakaa wapi?"

"Kabatini."

"Na ufunguo?"

Nikafungua. Aliketi, akavaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, akaanza kusoma mafaili ya miaka miwili huku akihesabu kwa vidole. Bomba la zahanati lilitajwa mara saba. Mara saba zote lilikuwa linashughulikiwa.

"Mimi si msomi wa lugha," alisema, "lakini nieleweshe. Ukisema 'anashughulikia', namwona mtu. Nikitaka namshika shati. Ukisema 'linashughulikiwa', mtu kaenda wapi?"

"Hiyo ni kauli ya kutendwa. Mtendaji si lazima atajwe."

"Si lazima atajwe." Alirudia taratibu, kama anayeonja dawa ya mtoto kabla ya kumpa. "Lakini yupo?"

"Kisarufi, yupo."

"Vizuri. Twende tukamwone."

Nilimkumbusha kuwa mimi ni mtumishi wa umma na sifanyi kampeni za mtu.

"Nani kataja kampeni? Mimi namtafuta mtu. Wewe unakwenda kuhakiki sentensi yako kama ni ya kweli. Au mlipofundishwa kuandika hamkufundishwa hilo?"

Alikuwa amenishika pabaya. Saa ya mapumziko tulitoka pamoja.

Tulianzia zahanati. Muuguzi mkuu alituonyesha koki ya chumba cha kujifungulia. Mtu alikuwa ameivalisha mfuko wa plastiki na kuufunga fundo, kama mgonjwa aliyefungwa bandeji asijikune. "Mimi niliripoti idara ya maji," alisema. "Nikasikia linashughulikiwa, nikatulia."

Idara ya maji ni chumba kimoja na feni isiyozunguka. Afisa wa pale hakuinua macho kwenye simu. "Hilo ni suala la vifaa. Nendeni stoo."

Mtunza stoo alifurahi kutembelewa. Alituongoza kati ya matairi na meza zilizovunjika miguu mpaka kwenye kona, akapuliza vumbi. Bomba jipya, mita nne, na viungo vyake ndani ya boksi. Juu yake kulikuwa na chaki: ZAHANATI.

Mkunga aliliinamia. Kisha akaligonga kwa kidole, kama anayehakikisha kuwa si ndoto.

"Lina muda gani hapa?"

"Mwaka na nusu. Mimi natunza tu. Fundi akija na barua ya kazi, nampa."

Fundi wa halmashauri, ambaye mji mzima unamwita Spana, tulimkuta nyuma ya jengo lile lile amelala chali chini ya tenki. Zilionekana soli za viatu vyake tu. Mkunga aliziuliza zile soli kwa nini bomba la zahanati halijatengenezwa.

"Mimi?" Spana alijivuta akatoka, uso umejaa kutu. "Mama, mimi huwa nasoma matangazo. Kumbukumbu zinabandikwa pale ubaoni, nilisoma kwa macho yangu: linashughulikiwa. Nikajua kuna mtu."

"Na kazi yenyewe ni ya siku ngapi?"

"Siku? Saa mbili. Nikinyimwa chai, saa mbili na nusu. Lakini sichimbi bila barua, nitafukuzwa."

"Barua inatoka kwa nani?"

Spana akaniangalia mimi. Mkunga naye akaniangalia mimi. Walidhani Kamusi anajua kila neno, na kweli nilianza kuhisi kwamba hili nalijua.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango na kuvuta droo ya chini, ninapoweka madaftari ya rafu. Sijawahi kutupa hata moja. Mkutano wa kwanza wa mwaka juzi, ukurasa wa kumi na moja, mwandiko wangu wa mbio:

*M/kiti: Aa, hilo bomba niachieni mimi. Kesho namwandikia Spana barua.*

Na katika nakala safi, iliyopigwa chapa na kubandikwa ubaoni: *Suala la bomba linashughulikiwa.*

Nilikumbuka hata kwa nini. Nilikuwa na miezi miwili kazini. Nilisoma "niachieni mimi" nikaona ni maneno ya gengeni, hayafai kwenye faili lenye nembo. Nikayanyoosha. Nikajipongeza. Kwa herufi moja tu, w, nilimfuta mtu mzima mwenye koti na tai, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, hata yeye mwenyewe.

Usiku ule nilimwambia wifi. Nilimwambia wazi, bila kunyoosha: "Sentensi ile niliiandika mimi. Maji yamekosekana, na mkono wangu umo. Nisamehe."

Alinitazama, akahamisha tumbo upande wa pili. "Nimekusamehe. Lakini madumu ni juu yako."

Wiki iliyofuata baraza lilikutana. Mikutano ni ya wazi, lakini siku zote viti vya wananchi hukaliwa na mzee mmoja anayekuja kukwepa jua. Siku hiyo vilijaa. Mkunga alikaa safu ya mbele, mkoba magotini. Aliyeongoza alikuwa Mwenyekiti, ambaye ndiye diwani wa kata yetu, na ndiye ambaye Mkunga alitaka kumng'oa kitini.

"Karani, tusomee yatokanayo na vikao vilivyopita."

Nilisimama. "Bomba la zahanati. Mwenyekiti aliahidi kumwandikia fundi barua. Mwenyekiti hajaandika barua. Bomba liko stoo, fundi yupo, zahanati haina maji."



"Mwenyekiti gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Wewe, mheshimiwa." Nikafungua daftari la rafu, nikasoma alivyosema, pamoja na ile "aa" yake.

Nilitarajia akasirike. Badala yake alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Lakini nilisoma kwenye kumbukumbu kwamba linashughulikiwa," alisema. "Hata mimi nilijua kuna mtu."

Kicheko kilianzia safu ya nyuma kikaja mbele kama maji. Hapo ndipo alipokasirika.

"Sawa! Sawa! Nitamwandikia leo!"

Nikaandika: *Mwenyekiti: Nitamwandikia leo.* Mkutano ulipoisha nilipiga chapa ukurasa ule mmoja, nikaubandika ubaoni, nje.

Saa tisa aliniita ofisini kwake. Mezani kulikuwa na karatasi mbili.

"Keti, binti. Hii ni barua ya fundi, bado sijasaini. Na hii ni yako. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na anayesaini mpya ni mimi. Tusaidiane. Bandua ulichobandika, rudisha maneno ya zamani, weka sahihi hapa, na mambo yatamalizwa kimyakimya."

Nikaisoma ile yangu. Ilisema: *Kosa limefanyika katika uandishi wa kumbukumbu, na radhi inaombwa.*

"Na bomba, mheshimiwa?"

"Bomba litatengenezwa."

"Na nani? Lini?"

"Usinianzie na wewe!" Akapiga meza. "Unanidhalilisha kwa sababu ya neno moja?"

Wakati huo dirisha lilikuwa wazi. Huko nje Mkunga alikuwa ameshapanda kreti yake karibu na ubao wa matangazo, na tulimsikia vizuri: "Mwenyekiti atamwandikia fundi barua leo."

Nilisubiri watu waulize lile swali la "na nani?" Hawakuliuliza. Safari hii mtendaji alikuwa amekaa mahali pake mwanzoni mwa sentensi, kila mtu anamwona. Waliuliza jingine, kwa sauti moja:

"Saa ngapi?"

Mwenyekiti aliangalia saa ya ukutani. Nami nikaiangalia. Chini ya dirisha mtu akakohoa, na nikatambua kikohozi cha Spana, kile cha kutu. Alikuwa ameegemea ukuta na sururu yake, anasubiri.

"Saa ngapi?" waliuliza tena.

Mwenyekiti alivuta barua ya fundi, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, akanyoosha mkono nayo dirishani bila kutazama nje. Ikapokewa. Ikapokewa na Spana, niseme. Nilisikia hatua zake zikielekea stoo, na watu wakimfuata.

"Haya," Mwenyekiti alisema, anapumua kama aliyepanda ngazi. "Yangu nimesaini. Bado yako."

Nilifikiria mkataba. Nilifikiria kodi ya chumba na lile jina langu la Kamusi, ambalo huenda likabaki jina tupu la mtu asiye na ofisi. Kisha nikachukua kalamu. Niliyemkosea nilikuwa nimeshamwomba msamaha, na kulipa nitalipa kwa kubeba madumu, kama itabidi. Nilifuta sentensi yake kwa mstari mmoja, taratibu, isomeke bado chini ya wino. Juu yake nikaandika nyingine, fupi, yenye mtu ndani yake, nikatia sahihi:

*Mimi, karani wa kumbukumbu, siombi radhi.*